Pantoni ya Wasio na Haraka

Nchi hii haipo. Lieleweke hilo mapema, maana wako watu wepesi wa kujishuku, na mkubwa akijishuku hutuma askari. Ni nchi ya mbali kabisa, imekatwa katikati na ghuba ya ziwa. Upande mmoja wa ghuba wanakaa watu, upande wa pili inakaa serikali. Hospitali nayo iko upande wa serikali, kwa sababu serikali ile huugua mara kwa mara, hasa mafua na presha. Katikati ya maji imesimama nguzo moja ya zege. Hilo ndilo daraja. Limezinduliwa na marais wawili kwa nyakati mbalimbali, na kila mmoja alikata utepe, akapigwa picha, akaondoka na mkasi.

Kwa hiyo watu huvuka kwa pantoni.

Lugendo alikuwa fundi wa mabati wa upande wa watu. Mabirika, makarai, mifereji ya kukingia maji ya mvua, vyote vilitoka mikononi mwake. Alikuwa na Pijo kuukuu aliyoachiwa na mjomba wake, gari lenye milango mitatu inayofunguka na mmoja wenye msimamo wake. Ndani ya gari hilo aliyaona mabadiliko yote ya nauli ya pantoni, moja baada ya jingine, kama mzazi aonavyo homa za mwanawe.

Hapo mwanzo mwenye gari alilipia matairi. Gari lilikuwa na matairi manne, hesabu ilikuwa rahisi, na jambo rahisi serikali ile haiwezi kulivumilia. Likatoka tangazo kwamba tairi la akiba nalo ni tairi. Likafuata jingine kwamba usukani, kwa umbo lake, hauna tofauti ya msingi na tairi. Mwaka wa uchaguzi mama mmoja aliyepeleka sinia za pilau harusini alitozwa nauli ya lori. Watu walipolia, serikali ikasema imesikia kilio chao, ikafuta nauli ya matairi, ikaleta nauli ya viti. Watu wakang'oa viti. Kwa muda mrefu Lugendo alivuka akiwa amekalia ndoo aliyoipindua, na mkewe Limi pembeni yake juu ya kigoda cha jikoni, wakienda kuuza makarai kama watu waliofukuzwa kwenye nyumba ya kupanga.

Ndipo akaletwa mtaalamu.

Mtaalamu huyo alitoka nje na suti tatu, akalala hoteli ya upande wa serikali kwa muda uliotosha kuzivaa zote. Kisha akagundua kwamba mtu anayepanda pantoni halipii tairi wala kiti. Analipia haraka yake. Asiye na haraka angelizunguka ziwa kwa miguu. Wataalamu ndivyo walivyo, hulipwa kwa kugundua kwamba maji yanalowesha. Lakini Wizara ya Mivuko ilipiga makofi mpaka chai ikapoa, na Waziri, Mheshimiwa Kibopa, akaja mwenyewe gatini kuwatangazia watu.

"Ndugu wananchi," alisema, akipangusa shingo kwa taulo aliloshikiwa na msaidizi, "wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Serikali yenu sikivu imetafakari. Imeona si haki aliyebarikiwa kumlipia asiye na baraka. Kuanzia leo, kila mtu atalipa kwa kadiri ya haraka yake. Mtulivu atalipa kidogo. Mwenye haraka atalipa kikubwa. Na mwenye Haraka Kuu, basi, huyo ameshaonyesha kwamba gari halimsaidii kitu."

Watu walicheka pale mwisho, wakidhani ni utani. Haukuwa utani. Katika utaratibu mpya nauli ya Mtulivu ilikuwa sawa na bei ya fungu la dagaa. Nauli ya Mwenye Haraka ilikuwa mshahara wa mwezi wa mwalimu. Nauli ya Haraka Kuu ilikuwa gari lenyewe.

*

Likabaki swali la jinsi ya kuipima haraka. Iliagizwa mashine ya kupima mapigo ya moyo, ikajaribiwa kwa nahodha wa pantoni, ikaonyesha kwamba amekwisha kufa. Mashine ikafungiwa stoo, na kazi akapewa Bwana Mashauri, Mkadiriaji Mkuu wa Haraka, mtu mnene mwenye sauti laini aliyekuwa zamani mshereheshaji wa harusi.

Bwana Mashauri hakuhitaji mashine. Aliwajua watu wake. Katika nchi ile salamu si neno la kupita nalo njiani. Utaulizwa hali yako, ya nyumbani, ya shamba, ya mifugo, ya uliowaacha na ya utakaowakuta, nawe utajibu zote na kuzirudisha zote, moja moja. Mtu anaweza kukunyima mkopo, akakunyima binti, akakunyima hata maji. Salamu hakunyimi. Kutoitikia salamu ni dharau iliyopita kofi, na koo mbili ziliwahi kuhamana kijiji kwa sababu ya "hujambo" moja iliyoachwa hewani.

Bwana Mashauri akaichukua adabu hiyo ya mababu akaigeuza mizani. Alipita gari kwa gari akisalimia. Aliyekata salamu, aliyejibu mawili kwa pumzi moja, aliyesahau kumrudishia swali, huyo alikuwa na haraka. Ilikuwa imeandikwa kwenye kanuni: kipimo huanza msafiri anapoitikia salamu ya kwanza, na gari ambalo halijapimwa halidaiwi.

Watu nao si wajinga. Katika muda mfupi walijifunza kutokuwa na haraka. Saa za mkononi zilitoweka upande wa watu kana kwamba zimeshukiwa na tauni. Wenye magari walifika gatini na mikeka, mabao ya kuchezea, majiko ya mkaa. Mtu anayewahi kesi mahakamani alionekana chini ya gari lake akikoroma. Wauza samaki walizungumza habari za mvua huku samaki wakibadilika rangi. Walikuwa hodari, na waliuonea fahari uhodari wao, jambo ambalo pengine ndilo lililokuwa baya kuliko yote.

Lugendo alikuwa mmoja wao. Aliweza kusalimiana mpaka Bwana Mashauri mwenyewe akapiga miayo. Alisifiwa kwa hilo kijiweni, na akasifika.

*

Asubuhi ile mkunga wa zahanati alitoka chumbani akifuta mikono, akamwita Lugendo kando.

"Mtoto amelala mkingamo tumboni," alisema. "Mimi hapa nina mkasi na dua, na mkasi wenyewe ni wa kukatia bendeji. Mkeo anataka kupasuliwa. Mvushe sasa hivi."

"Mpaka lini anaweza..."

"Baba, nimesema sasa hivi. Usinikalie hapo."

Limi alilazwa kiti cha nyuma cha Pijo, kilichorudishwa tangu nauli ya viti ifutwe, kichwa mapajani mwa mama yake, Bibi Kashinje. Tangu Lugendo aoe alikuwa hajawahi kukaa na mama mkwe wake mahali padogo kiasi kile. Kwa desturi yao mkwe hamtazami mama mkwe usoni, kwa hiyo hata kioo cha kutazamia nyuma alikigeuza kikaangalia dari. Walikwenda hivyo, yeye akizungumza na barabara na bibi akizungumza na kisogo.

"Mama," Lugendo alisema walipolikaribia gati, "naomba radhi kwa nitakalolisema. Tukifika pale tusionekane tuna haraka. Wakituona tuna haraka watalichukua gari, na bila gari hatumfikishi. Hospitali iko mbali na gati."

"Nimeyasikia mambo yao, baba."

"Limi."

"Nimesikia," Limi alisema kwa meno yaliyofungwa. "Nitajibu. Wewe usitetemeshe mguu. Ukiwa na jambo huwa unatetemesha mguu."

Bwana Mashauri aliwajia akitembea pole pole, mwavuli mkononi na tabasamu usoni, nyuma yake karani aliyembebea kiti. Aliinama dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?" akaitikia Bibi Kashinje.

"Sijambo. Habari za utokako?"

"Njema. Za hapa?"

"Njema tu, tunamshukuru Mungu na Mheshimiwa. Mmeamkaje?"

"Tumeamka salama. Nyinyi je?"

"Salama. Mifugo?"

"Haijambo. Yenu?"

"Haijambo. Yenu mnayo mingi?"

"Mbuzi wawili. Mmoja anakohoa."

"Pole. Anakohoa sana?"

"Anakohoa," alisema Bibi Kashinje, "lakini bila haraka."

Bwana Mashauri alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akamsalimia Lugendo, wakazunguka pamoja mashamba yote, mvua zote za mwaka jana na wagonjwa wote wa ukoo isipokuwa mmoja. Mguu wa Lugendo ulitulia. Alikuwa ameubana chini ya breki.

"Na dada huyu? Hujambo, dada?"

Uchungu ulikuwa umemshika Limi wakati huohuo. Alikuwa na pindo la khanga mdomoni. Alilitoa, akalikunja vizuri, akaliweka kifuani.

"Sijambo. Wewe hujambo?"

"Sijambo. Za nyumbani?"

"Njema. Za kwako?"

"Njema. Naona una mgeni tumboni. Hajambo?"

Lugendo alikaza macho kwenye maji. Nyuma yake palikuwa kimya kwa muda ambao kwa Bwana Mashauri ulikuwa dalili njema, maana mtu mwenye haraka hujibu upesi.

"Hajambo," Limi alisema. "Anakusalimu."

"Mbona dada anatoka jasho?"

"Huyu ni wa jasho tangu utotoni," alisema Bibi Kashinje. "Hata akila ugali anatoka jasho."

"Na mnavuka kufuata nini?"

"Hatufuati kitu, baba. Tulikuwa tumekaa tu nyumbani, tukasema hebu twende tukaone serikali inakaa wapi."

Bwana Mashauri alicheka kwa upendo wa kikazi. Akamwamuru karani afunge utepe wa kijani kwenye kioo cha pembeni. Watulivu. Lugendo alilipa bei ya fungu la dagaa, mikono ikiwa mikavu, na kwa kitambo kidogo alifurahi kweli. Baadaye furaha ile ndiyo aliyoichukia kuliko kitu chochote cha siku ile.

"Tupite wapi sasa, mzee?"

"Pale," alisema Bwana Mashauri, akinyoosha mwavuli kuelekea msururu mrefu wa magari yenye tepe za kijani. "Nyuma ya wenzenu. Mwenye haraka hupakiwa kwanza, ndiyo haki yake, amelipia. Wenye haraka wakijaa, pantoni inang'oa nanga, na nafasi ikibaki mnaingia nyinyi."

"Na wenye haraka wako wapi?"

Bwana Mashauri alitazama huku na huku. "Hawapo," alisema. "Tangu juzi hawajatokea. Ni mafanikio makubwa."

*

Pantoni ilikuwa imefungwa gatini, tupu, mlango wake umeshushwa, nahodha amelala kivulini mwa bomba la moshi. Msururu wa Watulivu uliizunguka ofisi ya forodha ukapotelea nyuma ya soko. Mbele ya Pijo palikuwa na gari lililopambwa maua yaliyonyauka. Bwana harusi alikaa juu ya boneti akimenya muwa. Lugendo alishuka, akamsalimia salamu kamili, kwa kuwa karani wa Bwana Mashauri alikuwa anarandaranda, kisha akamwuliza kwa sauti ya chini harusi ni lini.

"Ilikuwa jana," alisema bwana harusi, akatema kapi.

"Umewaambia?"

"Niseme nina haraka, wachukue gari la kukodi? Si langu hili." Akamenya pingili nyingine. "Ataningoja. Au hataningoja."

Jua lilipanda. Limi alipiga ukelele wa kwanza, ambao mama yake aliuzima kwa kiganja, na wa pili, ambao haukuzimika. Ulikuwa ukelele wa kumtoa mtu kaburini. Lugendo alitazama msururu mzima. Wacheza bao waliendelea kucheza. Mmoja alichukua kete zake, akazigawa shimo kwa shimo, wala hakuinua macho. Muuza samaki aliongeza sauti katika habari zake za mvua. Bwana harusi alitazama muwa wake. Kugeuza shingo ghafla ilikuwa moja ya dalili za haraka zilizoorodheshwa ukutani, na pale palikuwa na watu waliokwisha kungoja siku mbili, hawakuwa tayari kupoteza gari kwa sababu ya shingo.

Lugendo hakuwalaumu. Aliwajua. Wiki iliyopita tu, gari la mbele likiwa na mzee anayetapika damu, yeye mwenyewe alikuwa anasifia mawingu.

Ndipo vikasikika ving'ora.

Mheshimiwa Kibopa alikuwa anavuka kwenda kuhutubia sherehe za Mwaka wa Utulivu upande wa serikali. Magari ya serikali hayakuwa na nauli, kwa kuwa haraka ya serikali siyo haraka, ni uzalendo. Yaliingia gatini kwa vumbi, na Waziri, alipouona msururu, akashindwa kujizuia. Alishuka. Akaletewa kipaza sauti.

"Tazameni!" aliwaambia waandishi wa habari aliokuwa amewabeba. "Kabla ya utaratibu huu hapa palikuwa na matusi, honi, watu kushikana mashati. Leo mnaona nini? Nchi jirani wana haraka, na haraka imewafikisha wapi? Wana madaraja, wana reli, na presha juu. Sisi tumeiponya haraka. Tumeing'oa na mzizi wake."

Alipita gari kwa gari akipungia mkono mpaka akafika kwenye Pijo. Limi alikuwa ameyakaza macho kwenye dari, khanga mdomoni, jasho limemlowesha mpaka nywele.

"Na huyu?"

"Mtulivu, Mheshimiwa," alisema Bwana Mashauri. "Salamu zote amejibu. Hata za tumboni."

"Hebu mpigeni picha."

Mpiga picha aliinama. Bibi Kashinje akaufunika uso wa mwanawe kwa kiganja. Na Lugendo, aliyesifiwa kijiweni kwa utulivu, akasikia sauti ikitoka kinywani mwake kabla hajaiamua.

"Mheshimiwa, nina haraka."

Msururu mzima ulinyamaza. Ingekuwa amevua nguo wasingenyamaza hivyo. Bwana harusi alishuka kwenye boneti.

"Unasema?" aliuliza Waziri.

"Nina haraka. Mke wangu anakufa. Mtoto amekwama. Nina haraka kuliko watu wote hapa, na wote hapa wana haraka."

Mheshimiwa Kibopa aliumia. Alimtazama Bwana Mashauri, na Bwana Mashauri, akiona kazi yake inaelea, akafungua kanuni kwa vidole vizito. Alisema kwamba hili ni jambo la kusikitisha, kwamba raia huyu aliidanganya mizani ya taifa kwa salamu za uongo, na kwamba hata hivyo utaratibu uko wazi. Haraka Kuu. Nauli ni gari.

Lugendo alimpa funguo. Hata hakuziangalia zikienda.

Karani alichora kwa chaki ubavuni mwa Pijo, *Mali ya Serikali*. Dereva mmoja wa msafara, kijana aliyeitwa Ndaki, akaambiwa aingie aliendeshe. Watu waliomo ndani wakaambiwa washuke.

"Mimi sishuki," alisema Bibi Kashinje.

"Mama, hili ni gari la serikali sasa," alisema karani.

"Na mimi ni wa serikali sasa. Kama mnanitaka chini, niteremsheni mbele ya picha zenu."

Mheshimiwa Kibopa alitazama kamera, akatazama saa yake, kwa kuwa yeye aliruhusiwa kuwa nayo. Akaamuru msafara upakie. Pijo ilipanda pantoni nyuma ya magari meusi, na Lugendo alipotaka kuifuata, askari akaweka bunduki kifuani pake. Alikuwa hana gari. Mtu asiye na gari ni mtembea kwa miguu, na mtembea kwa miguu hapandi chombo kimoja na Waziri.

Pantoni ikang'oa nanga. Dirishani mwa Pijo ulionekana mkono wa Limi umeshika fremu. Lugendo aliutazama mpaka maji yakawa mengi mno.

*

Pantoni ilirudi alasiri. Ndaki alishuka nayo kwa miguu, kofia mkononi, akaja moja kwa moja mpaka pale Lugendo aliposimama. Bwana Mashauri alikuwa ametega kiti chake hapohapo. Lugendo alikuwa ameomba kuvuka kama mtembea kwa miguu, na watembea kwa miguu nao hupimwa. Mfukoni hakuwa na kitu kilichobaki cha kupimiwa.

"Habari za tangu asubuhi, kaka?" alisema Ndaki, akimwangalia Bwana Mashauri kwa pembe ya jicho.

"Njema," alisema Lugendo. "Za huko?"

"Njema. Umeshindaje?"

"Nimeshinda salama. Wewe je?"

"Salama. Jua lilikuwa kali."

"Lilikuwa kali."

Midomo ya Lugendo ilikuwa mikavu, na kila neno alilibandua kama gundi. Ndaki akasogea karibu.

"Mkeo yu hai. Wamempasua, yu hai. Anakusalimu."

"Mtoto?"

"Kaka, gari la serikali haliwezi kuchomoka kwenye msafara. Itifaki. Ilibidi tupite uwanjani kwanza. Hotuba ikawa ndefu. Bibi alinipiga kwa kiatu hapa, unaona, mpaka nikachomoka, lakini tulikuwa tumechelewa." Akaizungusha kofia mikononi. "Mtoto amezaliwa kimya."

Bwana Mashauri aliinua kichwa.

"Kimya kabisa? Hata hakulia?"

"Hakulia."

"Basi huyo," alisema Bwana Mashauri kwa sauti yake laini ya harusini, "ndiye raia tuliyekuwa tunamtafuta. Usihofu gharama, ndugu yangu. Katika utaratibu wetu marehemu ni Mtulivu wa daraja la kwanza. Atavushwa leo hii, bure, mbele ya wote."

Na alisema kweli. Ile pantoni iliyokuwa imelala gatini tangu juzi ikaenda tena upande wa pili, haina gari hata moja, ikarudi na mtu mmoja. Bibi Kashinje alisimama katikati ya sitaha ile pana, peku mguu mmoja, amebeba kitu kidogo kilichoviringishwa khanga. Kwa desturi yao mtoto wa namna ile huzikwa na wanawake. Watu wa msururu wakainuka mmoja mmoja kwenye mikeka. Safari hii waligeuza shingo.

Bwana Mashauri alimwendea, mwavuli chini ya kwapa, ameinama inavyopasa.

"Shikamoo, mama."

Bibi Kashinje alimtazama. Alimtazama vizuri, kuanzia viatu mpaka kipara, kama mtu anayechagua ndizi na kuona zote zimeoza. Kisha akampita.

Hakuna aliyewahi kuona jambo lile. Bwana Mashauri alibaki ameinama, shikamoo yake imening'inia. Akadhani bibi hakusikia.

"Shikamoo, mama," alirudia.

Bibi Kashinje alikuwa amekwisha kufika kwa mkwewe. Kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake alimtazama usoni, naye Lugendo hakuinamisha macho.

"Nenda kwa mkeo, baba," alisema. "Huyu nitamlaza mimi."

Lugendo aliweka mkono juu ya ile khanga. Aliuacha hapo mpaka mkono ukakubali kutoka. Kisha akageuka kuelekea pantoni, na njiani alisimama Bwana Mashauri, uso umemvimba.

"Pole sana, ndugu yangu. Habari za..."

Lugendo akampita.

Bwana harusi alifungua mlango wa gari lake, akafagia maua makavu kitini kwa mkono, akamwonyesha Lugendo akae. Akawasha injini. Bwana Mashauri akaja mbio, ndiyo, mbio, mwavuli ukimpiga magotini.

"Hujambo, bwana?"

Bwana harusi alitazama mbele.

"Nimesema hujambo? Habari za nyumbani?"

Nyuma yao injini nyingine ikawaka. Mcheza bao alimwaga kete, akakunja mkeka. Muuza samaki akanyamaza katikati ya mvua zake, akapanda garini. Bwana Mashauri alikimbia dirisha kwa dirisha akisalimia, wazee kwa shikamoo na vijana kwa mambo, na kila alikopita alikuta shingo zilizonyooka na midomo iliyofungwa. Karani alipekua kanuni. Kipimo huanza msafiri anapoitikia. Hakuna aliyeitikia. Gari ambalo halijapimwa halidaiwi.

"Mwogopeni basi Mungu," alisema Bwana Mashauri, na sauti ikamkatika. "Nimewasalimia."

Nahodha alikuwa ameamka. Aliyatazama magari yakipanda, akamtazama Mkadiriaji Mkuu, naye akamnyima hata kupungiwa mkono. Akapandisha mlango.

Lugendo hakugeuka nyuma. Alikuwa anawaza jina la mtoto, kwa kuwa Limi angeliuliza, na asingeweza kufika kwake mikono mitupu. Gatini Bwana Mashauri alibaki peke yake, akiwasalimia watu waliokuwa wamekwisha kufika mbali majini, na hakuna aliyemjibu.